Notisi Niliyompa Mungu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mbele ya stoo ya wapanda mlima pale Naro Moru, soksi zimelowa, nikiwa na kazi mpya ambayo sikuruhusiwa kuianza.

Kwa yule aliyenunua gazeti leo kwa ajili ya bei ya kahawa na akajikuta kwenye ukurasa huu, nitaeleza kwa ufupi. Jina langu ni Mutahi. Nimefanya kazi katika stoo ya ngozi ya Mzee Gatimu, hapa Ruring'u, Nyeri, tangu bendera yetu ikiwa mpya. Wachinjaji hutuletea ngozi mbichi za ng'ombe na mbuzi. Sisi huzikwangua nyama, tukazipaka chumvi, tukaziwamba juani, na lori likaja kuzichukua. Kazi yenyewe ni halali. Harufu yake ndiyo dhambi.

Mbwa wa Ruring'u wananiheshimu kuliko wanavyomheshimu chifu. Mke wangu Wangechi, Mama Wahome, amelitafutia koti langu msumari wake nje ya nyumba. Katika masomo ya jioni, ambako nilianza kushika kalamu nikiwa tayari baba wa watoto wanne, wenzangu hubanana watano kwenye benchi moja, na mimi nina benchi langu peke yangu kama DC wa wilaya.

Ndipo Bwana akanifungulia mlango wa Naro Moru. Meneja wa stoo ile, ndugu Theuri, alitaka mtu wa kutunza viatu, kamba na mablanketi ya wageni wanaopanda mlima. Akanipenda. Kisha akaniwekea masharti mawili.

"La kwanza," alisema, "nitakungoja mwezi mzima, lakini utoke kwa Gatimu vizuri. Mtu akimtoroka mwenzangu, atanitoroka mimi nikiwa na wazungu kumi kwenye theluji. Na nitamuuliza Gatimu mwenyewe. Tunakutana kwa ushirika wa waliookoka."

"Na la pili?"

"Sitaki mtu wa kusinzia. Kamba ikikaguliwa na mtu mwenye usingizi, hiyo ni jeneza."

Nikamwambia kwamba mimi na usingizi hatujuani. Tuendelee.

Niliposhuka Nyeri nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Ngendo, anayetufundisha jioni. Ni binti mdogo, angeweza kuwa mtoto wangu, lakini akiingia darasani ninasimama.

"Mwalimu, mtu akitaka kuacha kazi asiyoipenda, anafanyaje?"

"Anatoa notisi, baba. Mwezi mmoja."

"Hata kama kazi inanuka?"

"Hasa ikinuka. Unamwambia mwajiri mapema, unamtajia siku ya mwisho, na mwezi huo unafanya kazi kama siku uliyoandikwa. Humlipizi kwa uvivu."

"Ni lazima niandike?"

"Ukiandika ni vizuri. Ukisema kwa mdomo, sema mbele ya watu, naye akubali mbele yao."

Kuandika kulikuwa na taabu yake. Mzee Gatimu hasomi, wala hapendi karatasi. Mfanyakazi wa mwisho aliyempelekea karatasi aliiona jioni imefungiwa chumvi ya kupelekwa jikoni. Kwa hiyo nikachagua mdomo.

Lakini Mzee Gatimu haambiwi neno. Si kwamba ni mkali. Afadhali angekuwa mkali. Ni mzee wa kanisa, mtu mpole, na ukifungua mdomo mbele yake unakuta yeye ameshaufungua wake.

Siku ya kwanza nilimfuata kwenye mizani.

"Mzee, niko na neno."

"Neno ni kitu mzuri," akasema. "Lakini neno bila maombi ni kelele tu. Toa kofia."

Akaomba. Akawaombea wachinjaji, akawaombea madereva, akaiombea barabara ya Karatina na madaraja yake yote. Lori likaja yeye akiwa bado kwenye madaraja, alipofika Amina tukakimbilia kupakia, na neno langu likaondoka pamoja na ngozi.

Siku ya pili nikarudi.

"Mzee, lile neno langu."

"Kabla hujasema, Mutahi. Unamkumbuka Ndungu? Nilimlea kama mtoto yangu. Akaniambia ati anaenda choo. Akatokea Nakuru." Akatoa kitambaa, akafuta macho. "Ni wewe tu umebaki mtu wa maana hapa. Ulikuwa unasema?"

"Nilikuwa nasema chumvi imepungua."

"Mungu akubariki," akasema. "Mwingine angenyamaza."

Nikaenda nyumbani nikamwuliza Bwana kwa nini ameniumba na ulimi. Nilipokuwa nikiuliza ndipo nikakumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote.

Pale stoo tuna desturi. Kila asubuhi, kabla kisu hakijaguswa, tunasimama kati ya magunia ya chumvi, tunafumba macho, na mmoja wetu anaomba kwa zamu. Mzee, wenzangu Wamae na Muriithi, na mimi. Wa tano wetu ni Abdulatif, mzee mwenzake Gatimu kwa umri, mwenyeji wa Majengo. Yeye ni Mwislamu. Husimama mlangoni, kofia yake kichwani, akingoja tumalize, tena kwa adabu kuliko sisi wenyewe.

Sheria ya desturi hiyo ni moja tu. Anayeomba hakatizwi. Lori lipige honi, mvua imwagike juu ya ngozi, hakatizwi. Na Mzee Gatimu mwenyewe ndiye aliyeiweka sheria hiyo, kwa faida yake.

Basi katika stoo nzima palikuwa na mahali pamoja ambapo Mzee Gatimu hawezi kunijibu, na zamu yangu ilikuwa Jumatatu.

Naapa kwamba sikuona hila yoyote. Niliona jibu la maombi.

Jumatatu tukasimama. Nikafumba macho mpaka nikaona nyota.

"Ee Baba Mwenyezi," nikaanza, "tunakushukuru kwa kulala na kwa kuamka. Tunakushukuru kwa ajili ya Mzee wetu Gatimu, uliyempa stoo hii. Na sasa Bwana, wewe unayejua yote, unajua kwamba mtumishi wako Mutahi amepata kazi Naro Moru kwa ndugu Theuri. Unajua kwamba leo anatoa notisi ya mwezi mmoja, kama ilivyo haki, na mwezi ukiisha atamuaga Mzee. Umlainishe Mzee moyo, asione vibaya. Na ile ngozi ya fahali iliyotoboka, Bwana, unajua si mimi niliyeitoboa."

Hiyo ya mwisho niliitia kwa sababu nafasi ilikuwapo.

"Amina," wakasema Wamae na Muriithi.

"Aamina," akasema Mzee Gatimu, kwa sauti nzito ya mtu aliyeridhika kabisa.

Nikafungua macho polepole. Mzee alikuwa akijifuta mdomo. Hakuwa na hasira. Hakuuliza kitu.

"Haya," akasema. "Leteni visu."

Wapendwa, siku hiyo nilikwangua ngozi nikiimba. Notisi imetolewa, mbele ya watu, naye amekubali mbele yao. Mwalimu Ngendo angenipa alama zote.

Jumanne ilikuwa zamu ya Mzee. Naye akiomba, anaomba. Mimi, nisije nikapoteza wakati, nikaanza kupiga kichwani hesabu za Mwalimu: nusu ya robo, theluthi ya nusu. Theluthi ya nusu ikawa nzito. Macho yalikuwa yamefumbwa tayari, na kilichobaki cha mwili kikayafuata. Nilizinduliwa na kimya, nikajua kwamba ndipo mahali pa Amina, nikaisema kwa nguvu kuliko wote ili pasiwe na shaka.

Wamae akanitazama sana.

"Mutahi," akasema, "wewe uko na moyo."

"Ni neema tu," nikajibu.

Mzee Gatimu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umekubali kweli?"

"Kwa moyo wote," nikasema, maana nilijua anazungumza juu ya safari yangu ya Naro Moru.

Mwezi ule Mzee alikuwa mtu mwingine. Alinipa maini ya mbuzi niwapelekee watoto. Alimuulizia Wangechi. Siku moja akaja akasimama karibu nami, akaniangalia nikipaka chumvi.

"Nyumba yako iko na vyumba ngapi, Mutahi?"

"Viwili, Mzee."

Akafikiri. "Vinatosha," akasema, akaenda zake.

Nikasema moyoni: tazama jinsi mtu anavyoagwa akitoa notisi vizuri. Nikafanya kazi kama siku niliyoandikwa. Sikuchelewa, sikununa, sikuacha hata kipande cha nyama kwenye ngozi. Muriithi nilimfundisha jinsi ninavyokunja ngozi za mbuzi ili stoo isije ikapata hasara nikiondoka. Nilitimiza yote.

Ijumaa ya mwisho nikaoga mara mbili, nikavaa shati safi, nikaenda kuaga.

"Mzee, nimekuja kukuaga."

"Unaenda wapi? Soko?"

"Naro Moru, Mzee. Notisi yangu imeisha leo."

"Notisi gani?"

Nikadhani ananitania. "Ile niliyotoa. Kwa maombi. Jumatatu ile."

Mzee akaweka kisu chini. "Ngoja. Wakati huo ulikuwa unaongea na nani?"

"Na Mungu."

"Mimi ni Mungu?"

"Hapana, Mzee."

"Basi notisi ulimpatia Mungu. Enda akupatie ruhusa."

"Lakini ulikuwa hapo hapo. Ulisikia."

"Mutahi." Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mimi ni mzee wa kanisa. Mtu akiongea na Mungu wake, mimi nitegeshe masikio? Hiyo si ni upelelezi?"

"Ulisema Amina, Mzee."

"Mimi nasema Amina kwa kila kitu. Nilisema Amina kwa mahubiri ya yule kijana wa Giakanja, na sikukubaliana na yeye hata neno moja." Akachukua kisu chake. "Ukitaka kuenda, sitakufunga kamba. Nipatie notisi leo, kama mtu na mtu. Ungoje mwezi."

Mwezi. Na ndugu Theuri alikuwa akinitazamia Jumatatu.

Jioni ile nilimweleza Wangechi.

"Ulimpatia mtu notisi na macho imefungwa?"

"Yalikuwa maombi, Mama Wahome."

"Na mimi wakati ulinitaka, si ulikuja ukasema? Ulimwambia Mungu nisikie kwa dirisha?"

Nikatoka nje nikakaa karibu na koti langu.

Jumamosi asubuhi ndugu Theuri akafika Ruring'u, kama alivyosema. Akamuuliza Mzee Gatimu mbele yangu: huyu amekuaga? Mzee akasema, kwa upole wake wote, kwamba habari hiyo haijui. Theuri akanigeukia, na uso wake ulikuwa tayari umeanza kunifunga mlango.

"Ndugu," nikamwambia, "kabla hujasema, jambo hili liende kwa ushirika."

Kwetu, ndugu wawili waliookoka wakikosana, hawaendi kwa chifu wala kwa ofisi ya kazi. Jambo huwekwa mwangani, mbele ya ndugu wengine. Na ushirika wa Ruring'u unaongozwa na Mama Wakonyo, mjane mwenye shamba la viazi, aliyewahi kumwamuru mhubiri ashuke mimbarini kwa sababu alikuwa akirudia.

Mama Wakonyo akasikiliza pande zote mbili akiwa amesimama shambani mwake, jembe mkononi.

"Hiyo maombi ilifanyika wapi?"

"Stoo."

"Basi tutakaa stoo."

Alasiri tukakusanyika kati ya magunia ya chumvi. Ndugu wengine walikuwa wameshika vitambaa puani, wakajifanya wana mafua. Abdulatif alikuwa uani akiwamba ngozi. Kwake ilikuwa siku ya kazi tu.

Mama Wakonyo akaketi juu ya gunia. "Bwana asifiwe. Maneno ni mafupi. Mutahi anasema alitoa notisi na maombi. Kama Gatimu alisikia, na akasema Amina, notisi ni notisi, na Mutahi anaenda leo. Kama hakusikia, Mutahi aanze mwezi upya. Theuri, unaweza kungoja mwezi ingine?"

"Siwezi, Mama. Wageni wanaanza kupanda Jumatatu. Asipokuja, nachukua mtu mwingine."

"Umesikia, Mutahi."

Nilisikia.

Mama Wakonyo akaanza na wenzangu. "Wamae, wewe ulikuwako. Aliomba nini?"

Wamae akakuna kichwa. "Alisema anaenda, Mama."

"Wapi?"

"Mimi nilifikiria ni mbinguni. Watu wakiomba si wanasema wanaenda?"

"Alitaja Naro Moru ama hakutaja?"

"Alitaja."

"Sasa Naro Moru ni mbinguni?"

"Iko huko juu," akasema Wamae.

Muriithi naye akasema alisikia yote, tena alishangaa, lakini kama Mzee alisikia hawezi kujua, maana macho yake mwenyewe yalikuwa yamefumbwa.

"Kila mtu alikuwa amefumba?" akauliza Mama Wakonyo.

"Kila mtu," akasema Mzee Gatimu haraka. "Hivyo ndivyo tunaomba hapa."

"Na yule?" Akaelekeza kidole uani.

Mzee Gatimu akajikohoza. "Huyo si mwenzetu, Mama. Huyo ni wa dini ingine."

"Ndiyo maana macho yake yalikuwa wazi. Mwite."

Abdulatif akaja, akajipangusa mikono kwenye aproni, akasimama pale pale mlangoni anaposimama kila asubuhi. Akatusalimu wote. Alipoelezwa, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, mniwie radhi. Mimi siingii katika dini ya watu. Wao huomba, mimi hungoja. Tumeishi vizuri hivyo."

"Sikuulizi dini, mzee. Nakuuliza macho. Siku ambayo Mutahi aliomba juu ya kuenda Naro Moru, wewe uliona nini?"

Abdulatif akamtazama Mzee Gatimu. Wamefanya kazi pamoja tangu siku za mkoloni. Akanitazama mimi. Niliona kwamba angetoa hata kofia yake ili asiulizwe.

"Niliona Mutahi akiomba. Alikuwa akitoka jasho."

"Na Gatimu?"

"Alikuwa ameegemea gunia. Kichwa kimelala kifuani."

"Anaomba?"

"Mama, mimi sijui ninyi huombaje."

"Sema tu vile ulisikia."

Abdulatif akavuta pumzi. "Kama mnaomba kwa kukoroma, basi alikuwa akiomba sana."

Ndugu mmoja akatumia kitambaa cha mafua kuficha mdomo. Ndugu Theuri akageukia ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona jambo lingine: Mzee Gatimu akisema alilala, hakusikia, notisi yangu imekufa. Alikuwa na neno moja tu la kusema ili anibakize kwenye ngozi zake mwezi mwingine, na kazi ya Naro Moru iende kwa mtu mwingine.

Mama Wakonyo hakumharakisha.

"Ndugu Gatimu. Wewe ni mzee wa kanisa. Unafundisha vijana juu ya kukesha. Chagua mwenyewe. Ulisikia, ama ulilala?"

Mzee Gatimu akaitazama dari. Akawatazama ndugu waliokuja na vitambaa vyao, wale wale watakaomwona kesho akiwa ameketi mbele, kwenye kiti cha wazee. Akalilamba jino lake la pembeni.

"Nilisikia," akasema.

"Na kukoroma?"

"Mimi husikia vizuri nikikoroma."

"Kila neno?"

"Kila neno. Hata ile ya ngozi ya fahali."

Hapo nikajua kwamba Muriithi alikuwa amemhadithia, lakini nilinyamaza. Mtu akishuka kilima kuja kwako, humuulizi ametumia njia gani.

"Basi imeisha," akasema Mama Wakonyo, akajipangusa chumvi. "Maombi ilisikika, Amina ilisemwa. Notisi ni notisi. Mutahi, nenda na amani."

Ndugu Theuri akaja akanipa mkono. Ulikuwa mkono mkavu, safi, usionuka kitu. Nikaushika kama mtu anayetolewa kisimani. Nikafungua mdomo nimshukuru Mungu kwa sauti.

"Ngojeni kidogo," akasema Mzee Gatimu.

Alikuwa bado ameketi. Upole wake ulikuwa umemrudia wote.

"Mimi sina ubishi na ushirika. Mmesema Amina inafunga mtu. Imenifunga, nimekubali. Sasa nauliza: inafunga mimi peke yangu?"

"Inafunga kila mtu," akasema Mama Wakonyo.

"Mutahi aliomba Jumatatu. Mimi niliomba Jumanne. Nilikuwa na ombi langu juu ya Mutahi, ya siku nyingi, nikaliweka mbele ya Bwana na mbele ya hawa. Na huyu alisema Amina kuliko wote. Nikamuuliza, umekubali kweli? Akaniambia, kwa moyo wote. Wamae, si ni hivyo?"

"Ni hivyo," akasema Wamae. "Mimi hata nilimwambia ako na moyo."

Nikamtazama Muriithi. Muriithi akaanza kuhesabu magunia.

Nikamtazama Abdulatif kule mlangoni. Mzee yule, ambaye macho yake huwa wazi siku zote, alikuwa akinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona ila msibani.

"Atatimiza kabla ya kuenda," akasema Mzee Gatimu. "Ama aseme hapa kwamba hakusikia. Ati alikuwa amelala. Hiyo nitamsamehe."

Mkono wa ndugu Theuri ulikuwa bado ndani ya wangu. Nikausikia ukilegea.

"Mutahi," akasema Theuri polepole, "uliniambia nini juu ya usingizi?"

"Kwamba hatujuani."

"Kwa hivyo ulisikia hiyo maombi ya Gatimu."

Watu wote walikuwa wakinitazama. Kulikuwa na mlango mmoja wa kwenda Naro Moru, na juu yake palikuwa na neno moja, nami nikalisema. Nililisema kwa sauti tulivu, kama mtu asiye na la kuficha.

"Nilisikia."

"Kila neno?" akauliza Mama Wakonyo.

"Kila neno, Mama."

"Vizuri." Akaketi tena juu ya gunia, akanikunjia mikono. "Basi tuambie. Ulikubali kufanya nini?"

Nikakumbuka alivyoniuliza vyumba, lakini ni vya nani sikujua. Nikafumba macho.

"Fungua, Mutahi," akasema Mama Wakonyo. "Hii umeulizwa na mtu."